E na I, Mdomo Mmoja

Kuchoka kuna namna nyingi, na siku ile Bi Midomo alikuwa nazo zote. Mgongo ulimuuma. Macho yalimwasha kama aliyeshinda akikata vitunguu. Kidole chake cha kati kilikuwa kimeota sugu pale kalamu inapoegemea. Lakini hayo ni ya mwili, na ya mwili mtu hulala yakapungua. Kilichomchosha hasa ni kupenda watu wawili wasiopatana: baba yake, aliyekuwa nyumbani akisubiri jibu, na mwanamume mmoja aliyesimama nyuma ya kioo, si mbali na meza yake, akilia kama punda.

Usicheke. Kulia kama punda ndiyo iliyokuwa kazi ya mwanamume huyo, na aliifanya kwa moyo wote. Studio yao ilikuwa juu ya duka la matairi: vyumba viwili, na kibanda cha kurekodia sauti ambacho zamani kilikuwa stoo, kuta zake zimevikwa vipande vya godoro ili kelele za chini zisipenye. Humo walikuwa wanatengeneza katuni ya kuwafundisha watoto kuvuka barabara. Mhusika mkuu alikuwa punda mbishi, mwenye kinyongo kwamba kivuko cha barabarani kinaitwa cha punda milia. "Mizigo nabeba mimi," punda analalamika, "sifa anapata yule aliyevaa pajama!" Watoto walioona vipande vya mwanzo kwenye televisheni walivunjika mbavu. Sauti ya punda ilikuwa ya mwanamume huyo na midomo ya punda ilichorwa na dada huyu, basi wenzao wakawaita hivyo hivyo, Punda na Bi Midomo, wakazoea hata wenyewe.

Katuni, kama hujawahi kukaa karibu na anayeitengeneza, ni uongo mtamu. Hakuna kinachotembea pale. Ni picha zilizosimama, nyingi mno, kila moja imepishana kidogo na iliyotangulia. Zikipitishwa haraka, jicho linadanganyika na kuapa kwamba punda amepiga hatua. Kwanza huchorwa picha mama: punda kainua mguu, punda kaushusha. Halafu hujazwa picha za katikati, na hapo ndipo watu wanapozeekea. Kichwa kikigeuka, masikio lazima yachelewe kidogo kukifuata, la sivyo mnyama anaonekana wa mbao. Ukimaliza yote hayo, punda huyo bado ni bubu. Anangoja midomo.

Dada huyu ndiye aliyembuni punda mzima, masikio hadi mkia, lakini fungu lake la kila siku lilikuwa midomo. Ukutani juu ya meza yake alibandika karatasi yenye midomo yote ya punda. Wa A ulipanuka. Wa O na U ulichongoka. Wa M, P na B ulifungwa kabisa, na huo hakuna mchezo, maana mtazamaji akisikia "mama" na mdomo uko wazi, ataona amedanganywa. E na I alizichorea mdomo mmoja, kona zimevutwa na meno yanachungulia, kwa sababu ukimtazama mtu kwa mbali hazitofautiani, na yeye hakuwa na mikono minne. D, G, K na wenzao hakuwachora kabisa. Hao hufanya mambo yao ndani kwa ndani, ulimi na kaakaa, nje hakionekani kitu.

Kazi hiyo ilimpa kipaji ambacho wenzake walikiogopa. Akikutazama unaongea upande wa pili wa kioo, anakusoma. Aliwahi kumsoma bosi akisema kwenye simu, "Mwambie sipo," bosi akaanza kuongea na simu akiwa amegeukia ukuta.

Na kazi hiyo ina hatari yake. Huwezi kumsikiliza mtu neno kwa neno, ukilirudisha neno lile lile polepole hadi likafunguka, usijue siri zake. Alijua Punda anameza mate wapi. Alijua kicheko chake huanzia kona ya kushoto ya mdomo kabla sauti haijatoka. Alijua ile pumzi ndefu anayovuta akitaka kusema jambo linalomwuma. Alimpenda akiwa amevaa spika za masikioni, bila hata kujua anapenda, na alipokuja kustuka maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Punda naye alimpenda, akamwambia, akatuma wazee wake kwao kwa heshima zote. Baba, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye redio ikicheka sana anaizima, aliuliza swali moja tu: kijana anafanya kazi gani? Wazee wakatazamana, mmoja akajitoa mhanga akamwambia.

"Nimesomesha mtoto kwa jasho langu nije nimwoze kwa punda?" baba alisema wageni walipoondoka. "Watu wakiniuliza mkweo anafanya nini, nifanyeje? Nilie?"

Binti alikuwa jikoni akiosha vikombe. Aliyasikia yote, akaendelea kuosha.

Halafu akaletwa daktari wa meno. Shangazi ndiye aliyemleta. Mtu mzima, mpole, ana gari, kucha safi. "Na yeye si mtu wa midomo?" shangazi alimnong'oneza binti, akichekelea. "Mtapatana tu!" Baba akampenda daktari tangu siku ya kwanza, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kumpa jibu.

Ndiyo maana mchana ule shangazi alipanda ngazi za studio akihema, mkoba kifuani, akasimama mbele ya meza ya mpwa wake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mnyama wako yuko wapi?"

"Shangazi!"

"Nimeuliza tu. Nataka kuongea naye. Sitamng'ata."

Fundi wa sauti alikuwa ametoka kwenda kula. Shangazi akaingia mwenyewe kwenye kibanda, akafunga mlango. Alisimama kaipa kioo mgongo, mtandio wake wa zambarau umejaa dirisha zima, na juu ya bega lake ukaonekana uso wa Punda. Bi Midomo aliweka kalamu chini. Nani angechora?

Hakusikia hata sauti ya nzi. Alimwona Punda akiamkia. Akamwona anasikiliza, kichwa kainamisha, muda mrefu. Shangazi mikono ilikuwa inapanda na kushuka. Kisha Punda akavuta ile pumzi, pumzi ndefu ya jambo linalouma, akatikisa kichwa, akasema neno moja. Kona zikavutwa. Midomo ikafungwa. Kona zikavutwa tena, na tena.

*Simpendi.*

Akajiambia hapana, umechoka, macho yako yana mchanga. Lakini Punda akarudia, polepole, kama anayemwelewesha mtu asiyesikia vizuri. Simpendi. Mwaka mzima amemchora mdomo ule. Angeukosea vipi?

Moyo wake haukupasuka kama wanavyosema. Ulikaa chini tu, kama mtu aliyesimama foleni tangu alfajiri akafika dirishani likafungwa.

Shangazi alitoka macho yamelowa. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amemlea binti huyu tangu mama yake afariki, akamsuka nywele, akamsimamia mitihani, na sasa alitaka kumwona kwake.

"Mwanangu," alisema, akimshika bega, "nimemsikia kwa masikio yangu. Hana neno. Kubali tu, upumzike. Hata mimi nipumzike, magoti yangu haya si ya kupanda ghorofa kila siku."

"Mwambie baba nimekubali."

Shangazi alimwachia bega. Pengine alikuja amejiandaa kubembeleza hadi jioni. "Umekubali kweli?"

"Nimekubali, shangazi. Nenda kamwambie."

"Mungu akubariki, mama." Akambusu utosini, akashuka ngazi moja moja, akiugulia magoti. Alisema atapita dukani kwanza, kisha nyumbani, habari njema haipelekwi mikono mitupu.

Bi Midomo akarudi kwenye kazi. Alimchorea punda mdomo wa A mahali palipotakiwa M, akaufuta, akauchora tena ule ule.

Punda akaja na vikombe viwili vya chai, kama kila siku. Kimoja akakiweka karibu na mkono wake wa kulia, mbali na karatasi.

"Chai yako."

"Iache hapo."

"Mbona umeninunia?"

"Sijanuna. Nimechoka."

"Umechoka na kazi au umechoka na mimi?"

"Na vyote. Na wewe zaidi."

Punda akavuta kigoda akakaa. Sauti yake siku nzima ilikuwa imekauka, kulia kama punda tangu asubuhi si mchezo. "Shangazi amekwambia nini?"

"Shangazi hajaniambia kitu. Umeniambia wewe."

"Mimi? Mimi niko mle ndani nalia kama punda, nimekwambia saa ngapi?"

"Nilikuwa nakutazama." Hakumgeukia. Alimsemesha punda wa kwenye kioo cha kompyuta. "Ulipotaka kuniacha si ungenijia mimi? Unamwambia shangazi yangu, kwenye kibanda, kama unaagiza soda? Hunipendi, sawa, mtu halazimishwi kupenda. Lakini ungekuja ukae hapa hapa kwenye kigoda useme."

"Nani kasema sikupendi?"

"Mdomo wako."

"Mdomo wangu umesemaje?"

"Simpendi!" Sasa aligeuka, na machozi aliyokuwa ameyakataza yakamwasi. "Si-mpe-ndi. Mara mbili. Kichwa unatikisa. Usinibishie, nimeuchora mdomo huo mwaka mzima, naujua kuliko mama yako!"

Punda alimtazama. Kona ya kushoto ya mdomo ikaanza kucheka, ikaghairi.

"Nilisema simpingi."

"Nini?"

"Simpingi. Si-mpi-ngi. Kupinga."

"Usinifanye mtoto mdogo."

"Haya. Tazama." Akasogeza kigoda hadi magoti yao yakakaribia kugusana, akafuta mdomo kwa kiganja, akakaa kama anayepigwa picha ya pasipoti. "Nitasema moja bila sauti. Wewe niambie ni lipi."

Akasema. Kona, kufunga, kona, kona.

"Simpendi," akasema Bi Midomo.

"Hapana."

"Rudia."

Akarudia. Alikuwa karibu mno, hata vinyweleo vya kidevu ambavyo wembe uliviruka asubuhi vilionekana. Haikuwa rahisi kuutazama mdomo ule kwa jicho la kazi tu.

"Hiyo ni simpingi."

"Hiyo ndiyo ilikuwa simpendi."

"Muongo wewe!"

"Chukua kioo chako, jitazame mwenyewe."

Kila mchora midomo ana kioo kidogo mezani, cha kujitazama akitamka. Akakinyanyua, akasema simpendi. Akasema simpingi. Mdomo ule ule. Akasema tena yote mawili haraka, halafu polepole, akipanua kona kwa makusudi, na E yake kweli ilifunguka kidogo kuliko I, unene wa ukucha, kitu ambacho kwenye kioo cha mkononi unakiona kwa taabu na kwenye kioo cha kibanda, juu ya bega la shangazi, hata malaika asingekiona.

"Nani aliyezipa E na I mdomo mmoja?" Punda aliuliza taratibu.

"Mimi."

"Na D na G?"

"Hazichorwi."

"Basi."

Akakiweka kioo chini. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na nyuma ya aibu ikaja furaha, furaha ya kijinga, ya mtu aliyeambiwa yule maiti si ndugu yake. Anampenda. Alikuwa anampenda wakati wote ule. Karibu amshike mkono. Kisha akili yake, iliyokuwa nyuma ya moyo kama masikio ya punda nyuma ya kichwa, ikamfikia.

"Ulikuwa humpingi nani?"

Punda akavuta pumzi ndefu.

"Mzee. Shangazi alisema, mzee amekataa, na leo anataka kumjibu daktari, wewe una lipi la kusema? Nikamwambia, mzee ana haki yake. Simpingi."

Chini, kwenye duka la matairi, mtu alikuwa anagonga chuma kwa nyundo. Waliisikiliza nyundo hiyo wote wawili.

"Afadhali ungesema hunipendi," akasema Bi Midomo.

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Ungekuwa hunipendi ningelia, ningenawa uso, ningerudi kwenye kazi. Sasa unanipenda, halafu unanifungulia mlango niende kwa mwingine, tena kwa heshima na taadhima! Nishike wapi hapo?"

"Mimi nimelelewa na bibi. Mkubwa akisema, unainamisha kichwa. Ndivyo nilivyofunzwa. Hiyo haikuwa kukuacha. Nilikuwa nainama tu. Wewe si ndiye uliyenifundisha? Punda haruki hivi hivi. Kabla ya kuruka anainama kwanza, mtazamaji ajue anataka kuruka."

"Anainama picha chache, Punda! Chache! Akiinama kipindi kizima watoto watadhani anaumwa tumbo."

Kicheko kikawatoka wote wawili, cha puani, hawakukitaka. Kikaisha upesi, kikawaacha wamechoka zaidi. Punda alikishika kikombe chake kwa mikono miwili bila kunywa.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini?"

"Ulimpinga lini?"

"Mimi ni mtoto wake."

"Ndiyo. Nauliza lini."

Alivikumbuka vikombe vya siku ile, jinsi alivyoviosha vikawa safi, akaviosha tena.

"Baba yako anajua unafanya kazi gani?" Punda hakupaza sauti. Hakuwa nayo ya kupaza. "Anajua, sivyo? Kompyuta. Anawaambia majirani binti yangu ni mtu wa kompyuta, na wewe unamwacha aseme. Punda ni mimi. Haya, sauti ni yangu, sikatai. Lakini masikio yale nimeyachora mimi? Ule mkia? Yale meno yanayomkera mzee hadi anazima televisheni, nani aliyapanga moja moja, akanionyesha, akaniuliza, 'Hayapendezi?' Mwaka mzima nimembeba punda huyu peke yangu mbele ya mzee wako. Nikajisemea, ngoja, siku moja atasema mwenyewe. Atasema, baba, huyu ni wetu sote wawili. Hukusema. Nimechoka mwenzangu. Nimechoka kutukanwa peke yangu kwa kitu tulichokifanya pamoja."

Kuna maneno yanayouma kwa sababu ni ya uongo. Haya yaliuma kwa sababu hakuwa na pa kuyashika ayatupe. Alitaka kusema kwamba baba ana presha, kwamba mama alipokufa waliachwa wawili, kwamba yeye hajawahi kumwangusha. Alikuwa ameyasema hayo moyoni mara nyingi hata yamechakaa.

"Kuna jambo," akasema.

"Sema."

"Nimemwambia shangazi nimekubali."

Punda akakiweka kikombe mezani, safari hii juu ya karatasi. "Lini?"

"Kabla hujaleta chai."

"Kwa sababu ya E na I?"

"Kwa sababu ya E na I."

Punda akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mzee anayesikiliza hukumu aliyoitarajia. Halafu akasimama. "Basi. Daktari ni mtu mzuri. Ana kucha safi, shangazi kanisimulia."

"Usianze, tafadhali."

"Sianzi. Fundi amerudi, kuna mlio mmoja hatujaumaliza." Akaelekea kwenye kibanda. Mgongo wake ulikuwa wa mtu aliyebeba gunia, na hakuna mchoraji aliyehitajika kumwonyesha Bi Midomo hilo.

Akakadiria muda. Shangazi na magoti yake, dukani achague, abishane bei, ngazi za nyumbani. Baba alikuwa hajaambiwa bado. Akakitazama kimlango cha kibanda kikifungwa. Kama angemwita Punda ampe yeye simu aongee na baba, ingekuwa vile vile tena: yeye jikoni na vikombe, mwanamume sebuleni anatukanwa. Akachukua simu. Aliogopa, na nitakueleza alichoogopa: hakuogopa ukali wa baba, aliogopa ile sauti yake ya kuvunjika, aliyoisikia mara moja tu, siku ya kumzika mama.

Akapiga.

"Mama," baba aliitika. Ndivyo alivyomwita bintiye siku zote. "Shangazi yako yuko njiani? Nimemngoja."

"Baba, shangazi anakuja na jibu. Si la kweli."

"Sikuelewi."

"Nilimwambia nimekubali. Sijakubali. Daktari simtaki, baba. Hana baya. Simtaki tu."

"Ni yule punda amekutia maneno."

"Baba, nisikilize." Akafumba macho. "Yule punda nimemchora mimi."

Saa ya ukutani ya baba ilisikika kwenye simu.

"Umemchora wewe kivipi?"

"Kwa mkono wangu. Midomo, meno, masikio, mkia. Ndiyo kazi yangu, baba. Sipigi hesabu wala sitengenezi kompyuta, nachora katuni. Yeye anatia sauti na mimi natia mwili. Ulipomtukana siku ile wazee wake walipoondoka, nusu ya tusi ilikuwa yangu, nikaliacha lote kwake. Nisamehe kwa hilo. Lakini kwa hili la kuolewa nakupinga, baba. Kwa mapenzi yote niliyonayo kwako, nakupinga."

Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa baba yake. Lilipotoka alijikuta amesimama, na nyuma ya kioo Punda naye amesimama, spika za masikioni zimemning'inia shingoni, mdomo wazi. Fundi wa sauti alimwashiria aendelee kulia. Hakumwona. Alifungua mlango akatoka.

"Miaka yote hiyo," baba alisema polepole, "nawaambia watu kompyuta."

"Najua."

"Wamekuwa wakinicheka?"

"Hawajui, baba. Ni shangazi tu anayejua. Ndiyo ubaya wenyewe."

Baba akakohoa. Haikuwa ile sauti ya kuvunjika. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, na binti akagundua kwa mara ya kwanza kwamba wamechoka nyumba nzima.

"Yupo hapo?" baba akauliza.

"Yupo."

"Mpe simu."

Punda alikuwa amefika karibu yake. Aliifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea simu, kana kwamba mzee angemwona. Bi Midomo hakurudi nyuma. Alisogeza sikio lake kwenye simu ile ile, paji la uso wake likagusa shavu la Punda, akahisi taya ikijikaza. Siku zote mwanamume huyu alimwita baba wa Bi Midomo "mzee".

"Shikamoo, baba," akasema. Sauti ilikuwa imekauka kabisa, ya punda kwelikweli.

Upande wa pili hakukuwa na jibu. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Mtu anayenyimwa marahaba hana la kufanya, hurudisha simu kwa mwenyewe akaenda zake, na Bi Midomo akaona mkono wa Punda ukianza kushuka. Lakini baba hakuwa amekata simu. Alikuwa anapumua pale pale.

Punda akainua mkono, akaishika simu vizuri.

"Shikamoo, baba," akarudia.